Akiba Haiozi: Historia ya Chakula cha Kuweka

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Limepigwa chapa ili lisomwe tena darasani.

Wenye daftari na kalamu waziweke tayari, maana leo kuna tarakimu za kuandika. Ambao bado wanajifunza kusoma wasikilize tu kwa sasa. Baadaye mwalimu wa darasa atawasomea tena polepole, nao watafuatisha kwa kidole.

Nitaanza kwa swali. Leo jioni utakaporudi nyumbani, tazama ghalani, au darini, au pembeni mwa chumba penye gunia na debe. Kisha ujiulize: soko likifungwa leo, na mvua ikakataa kunyesha, nyumba yangu itakula nini baada ya miezi mitatu?

Swali hili si geni. Wazee wetu walijiuliza kila mwaka baada ya mavuno. Watu wengi hudhani kwamba historia ni habari za wafalme na vita tu. Sivyo. Historia ni pia habari ya mtu aliyelima, akavuna, akakausha, akaweka, na akapika siku ambayo shambani hapakuwa na kitu. Bila mtu huyo, wafalme na askari wasingalikula. Basi somo letu la leo ni historia ya chakula cha kuweka katika nchi yetu.

1. Nchi ya mvua moja

Twende kwanza Ugogo, katika nchi ya Dodoma. Huko mvua hunyesha msimu mmoja tu, toka Desemba hadi Aprili hivi. Miezi inayobaki ni jua na upepo na vumbi. Hata msimu wa mvua wenyewe si wa kuaminika. Mwaka mmoja hunyesha vizuri, mwaka wa pili hunyesha siku chache kisha hukoma, na mimea hukauka ingali michanga.

Mtu aishiye katika nchi kama hiyo hana budi kula mara mbili kutoka katika shamba moja: mara ya kwanza wakati wa mavuno, na mara ya pili wakati wa ukame. Mara hii ya pili ndiyo iliyowafundisha Wagogo ufundi wa kuweka.

Walilima uwele na mtama. Nafaka hizi huvumilia jua kuliko mahindi. Uwele una faida nyingine: punje zake ni ndogo, kwa hiyo mdudu hapati nafasi kubwa ya kukaa ndani. Ulezi pia ni hivyo hivyo. Ukikaushwa vizuri unaweza kukaa ghalani miaka mingi. Punje za mahindi ni kubwa na laini, na fukusi huziona kama nyumba iliyokwisha kujengwa.

Nyumba ya Wagogo, yaani tembe, ilikuwa na paa la udongo lililo tambarare. Juu ya paa hilo watu walianika nafaka na mboga. Ndani ya nyumba waliweka vilindo. Kilindo ni chombo kikubwa kilichotengenezwa kwa gome la mti, na ndani yake hutiwa nafaka. Kwa kuwa kilindo kilikuwa ndani ya nyumba, mwizi hakukifikia kwa urahisi, na mvua haikukilowesha.

Na mboga je? Hapa ndipo akina mama walipoonyesha akili yao. Wakati wa mvua majani ya mlenda huota kwa wingi, mengine shambani, mengine porini. Mama huyachuma, huyaanika mpaka yakauke kabisa, huyatwanga yakawa unga, kisha huuweka unga huo katika chombo kikavu. Mwezi wa Oktoba, wakati hakuna jani bichi hata moja, mama huchemsha maji, hutia magadi kidogo, hutia unga wa mlenda, na karanga zilizosagwa kama anazo. Huku hupika ugali wa uwele. Watoto hula wakashiba. Chakula chote hicho kimetoka katika akiba: nafaka ya kilindo, mboga iliyokauka, karanga zilizokauka. Hakuna kilichonunuliwa siku ile.

(Mwalimu wa darasa: simama hapa kidogo. Waulize wanafunzi ni mboga gani zinazokaushwa katika vijiji vyao, na nani aliyewafundisha.)

2. Mtunya: njaa iliyotoka vitani

Sasa, mtu anaweza kuuliza: kama Wagogo walijua kuweka chakula namna hiyo, mbona walipatwa na njaa kubwa? Swali hili ni zuri, nalo lina jibu ambalo lazima tulijue.

Mwaka 1914 Vita Kuu ya Kwanza ilianza Ulaya, na moto wake ukafika hapa kwetu. Wajerumani, waliokuwa wakiitawala nchi, walihitaji chakula cha askari, ng'ombe wa nyama, na wapagazi wa kuchukua mizigo. Walivichukua vyote hivyo kwa wenyeji. Mwaka 1916 majeshi ya upande wa Waingereza yaliingia Dodoma. Hayo nayo yalihitaji nafaka, ng'ombe na wapagazi. Basi mkulima aliyekuwa na vilindo viwili vya akiba aliviona vikitolewa nje mara ya kwanza, kisha mara ya pili. Vijana waliopaswa kulima walikuwa njiani na mizigo kichwani, na wengi wao hawakurudi.

Ndipo mvua zikakosekana. Katika mwaka wa kawaida kilindo kingalisema, “Niko hapa.” Lakini safari hii vilindo vilikuwa vitupu. Tena mwaka 1918 homa kubwa ya mafua iliyozunguka dunia nzima ikafika, ikawakuta watu wamedhoofika kwa njaa.

Wagogo waliipa njaa hiyo jina la Mtunya. Ilidumu toka mwaka 1917 hadi 1920. Wanahistoria wanakadiria kwamba katika watu 150,000 hivi wa sehemu hiyo, watu kama 30,000 walikufa. Andikeni tarakimu hizo. Maana yake ni mtu mmoja katika kila watu watano. Wewe uliye darasani sasa, tazama watu wanne walio karibu nawe, ujihesabu wewe wa tano. Hapo utajua ukubwa wa msiba ule.

Nimewaeleza habari hii kwa sababu moja. Baadhi ya maofisa wa kikoloni walikuwa wakisema kwamba Mwafrika hupata njaa kwa kuwa hajui kuweka akiba. Habari ya Mtunya yaonyesha kinyume chake. Watu walijua kuweka. Akiba yao ilichukuliwa kwanza, ukame ukaja baadaye. Ukame ni jambo la mbingu, lakini kilindo kitupu mara nyingi ni kazi ya watu.

3. Viazi vya Usukuma

Tutoke Ugogo, twende kaskazini mpaka Usukuma, kusini mwa Ziwa Viktoria. Huko kuna viazi vitamu kwa wingi. Lakini kiazi kina shida yake: ukikichimba na kukiweka, kitaoza au kitaliwa na wadudu. Hakikai kama mtama. Je, Wasukuma walifanya nini?

Walibuni njia mbili. Njia ya kwanza: kiazi kibichi humenywa, hukatwa vipande vyembamba, kisha huanikwa juani mpaka vipande vikauke kabisa. Hivi huitwa michembe. Njia ya pili: kiazi huchemshwa kwanza, humenywa, hukatwa, ndipo huanikwa. Hivi huitwa matobolwa. Ukiyatafuna yana utamu mzuri, na mchungaji huweza kuyatia mfukoni akaenda nayo malishoni kutwa.

Michembe huchemshwa wakati wa kiangazi. Mama huipika pamoja na maharage au karanga zilizotwangwa. Kwa mboga huwa na nsansa, yaani majani ya kunde yaliyopikwa kidogo na kukaushwa. Nsansa huloweshwa, huchemshwa, kisha hutiwa karanga au maziwa. Basi hapo pana chakula kamili: viazi vya kutia nguvu, maharage na karanga za kujenga mwili, na mboga ya kulinda afya.

Ndugu zangu, nataka mwone jambo moja. Viazi vitamu si mmea wa asili wa Afrika. Vimetoka Amerika, kama mahindi, mihogo na karanga. Viliingia Afrika baada ya Wareno na watu wengine kuanza kuvuka bahari ya Atlantiki, toka miaka ya 1500. Basi kiazi kilikuja kama mgeni, lakini michembe na matobolwa ni akili ya wenyeji. Mmea unaweza kutoka ng'ambo, nasi tukaufundisha tabia za hapa.

Hapa wataalamu wa siku hizi wana neno la kuongeza. Jua kali huondoa sehemu ya vitamini A iliyomo katika majani ya mboga. Kwa hiyo ni vema kukausha mboga kivulini penye upepo, juu ya mkeka au wavu safi, mbali na vumbi na kuku. Njia ya bibi zetu ni nzuri. Tunaiongezea kivuli tu.

4. Samaki, chumvi na gari la moshi

Chakula cha kuweka si cha shambani tu. Watu wa pwani toka zamani hukausha samaki kwa chumvi. Papa hukatwa vipande, hutiwa chumvi, huanikwa. Samaki mwingine hupasuliwa na kukaushwa, akaitwa ng'onda. Papa mkavu ananuka, lakini mpishi wa pwani akimpika kwa tui la nazi, hakuna anayekumbuka harufu.

Katika Ziwa Tanganyika na Ziwa Viktoria kuna dagaa. Huvuliwa usiku kwa taa, na asubuhi huanikwa juu ya mchanga au kokoto. Jua likiwa zuri, hukauka siku hiyo hiyo. Dagaa waliokauka ni wepesi, hawaozi upesi, nao huliwa wazima, mifupa na vyote, jambo linalofaa sana kwa mifupa ya watoto. Reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, njia ya kuchukua bidhaa toka ziwani mpaka pwani ikafunguka. Leo gunia la dagaa wa Kigoma hufika mbali sana na ziwa.

Na chumvi yenyewe ilitoka wapi? Kule Uvinza, katika mkoa wa Kigoma, kuna chemchemi za maji ya chumvi. Waliochimba mambo ya kale mahali hapo wamekuta dalili kwamba watu walikuwa wakichemsha maji hayo na kupata chumvi kiasi cha miaka 1,500 iliyopita. Watu walisafiri kutoka nchi za mbali kuja kuifuata chumvi ya Uvinza. Kumbe duka la chumvi ni la zamani sana kuliko shilingi.

5. Muhogo: akiba yenye masharti

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo nawaomba mwisikilize kwa makini kuliko zote, kwa maana inahusu uhai wa watoto.

Muhogo ni akiba ya namna ya peke yake. Ghala lake ni ardhi yenyewe. Waweza kuuacha shambani mwaka mmoja au hata zaidi, ukachimba siku unapouhitaji. Nzige wakila majani, mizizi inabaki udongoni. Kwa sababu hiyo serikali ya Waingereza iliwalazimisha watu wa wilaya nyingi kulima muhogo kwa ajili ya njaa. Lakini ukishauchimba, huharibika baada ya siku mbili au tatu. Basi watu huukausha. Makopa ni muhogo uliomenywa na kukaushwa. Udaga, kama wanavyouita watu wa Ziwa, ni muhogo uliovundikwa kwanza au kuloweshwa, kisha ukaanikwa.

Kwa nini kuvundika? Kwa sababu ndani ya muhogo mchungu mna sumu. Muhogo unapokaa majini siku tatu au zaidi, au unapovundikwa ukalainika, sumu hutengana nao, na jua huimaliza wakati wa kuanika. Wazee hawakujua jina la sumu hiyo. Lakini walijua siku. Walijua kwamba siku hizo haziruhusiwi kupunguzwa.

Mwaka 1938 daktari mmoja aitwaye Trolli aliandika habari za ugonjwa katika nchi ya Kwango, huko Kongo. Mtu alikuwa mzima leo, na kesho miguu yake ikakakamaa asiweze kutembea vizuri tena maisha yake yote. Wenyeji waliuita ugonjwa huo konzo, na maana ya jina hilo ni miguu iliyofungwa.

Mwaka 1985 konzo ilionekana katika wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara. Mwaka huo kulikuwa na ukame. Mazao mengine yalishindwa, ukabaki muhogo mchungu. Watoto wanalia njaa, na mama ana muhogo mkononi. Je, atangoja siku zote zile? Watu wakafupisha kazi, wakala muhogo ambao sumu yake ilikuwa haijatoka. Tena hawakuwa na samaki wala maharage ya kuusaidia mwili kuishinda sumu. Madaktari waliochunguza waliwakuta wagonjwa 39. Wengi walikuwa watoto na akina mama.

Ndugu zangu, tusiwalaumu akina mama wale. Njaa ndiyo iliyowaharakisha. Ila tujifunze: akiba ya muhogo lazima itayarishwe kabla ya njaa. Chimba mapema, lowesha au vundika siku zake zote, anika mpaka ukauke kabisa, weka. Siku njaa itakapobisha hodi, udaga wako uwe tayari ghalani. Na unapoupika ugali wa muhogo, usikose kitoweo cha dagaa, maharage, kunde au karanga.

(Mwalimu wa darasa: waulize wanafunzi ni siku ngapi muhogo hukaa majini katika kijiji chao, na kwa nini.)

6. Mahindi, dumuzi na ukungu

Leo nyumba nyingi zimeweka mahindi mahali pa mtama na uwele. Mahindi ni matamu, hayaliwi sana na ndege shambani kwa kuwa yamefungwa katika maganda, na mashine huyasaga upesi. Lakini kuyaweka ni kazi.

Wazee waliyaweka mahindi katika kihenge. Kihenge hufumwa kwa fito, hukandikwa udongo, huinuliwa juu ya mawe au miti ili panya na unyevu visifike, na juu yake huwekwa paa la nyasi. Wengine walining'iniza mahindi darini juu ya jiko, moshi ukawafukuza wadudu. Wengine walichanganya nafaka na majivu. Njia hizo zilifaa kwa fukusi wa zamani.

Halafu akaja adui mpya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakulima wa mkoa wa Tabora waliona mdudu mdogo wasiyemjua. Alitoboa mahindi, alitoboa makopa, alitoboa hata miti ya ghala. Katika miezi michache gunia liligeuka vumbi. Watu wa Urambo walimwita Scania, kwa jina la lile lori kubwa, kwa jinsi alivyokuwa na nguvu. Jina lake la kawaida ni dumuzi. Asili yake ni Amerika ya Kati. Wengi hudhani kwamba aliingia ndani ya mahindi yaliyoletwa kutoka ng'ambo wakati wa njaa. Kama ni hivyo, basi chakula kilichokuja kuondoa njaa kilimleta mla akiba.

Wataalamu walipochunguza waliona kwamba dumuzi hupenda zaidi mahindi yaliyo katika magunzi. Kwa hiyo wakulima walifundishwa kupukuchua, kupepeta, na kuchanganya na dawa ya unga iliyopimwa kwa ajili ya nafaka. Siku hizi kuna pia mifuko isiyopitisha hewa. Nafaka kavu hutiwa humo, mdomo ukafungwa barabara. Wadudu waliomo humaliza hewa, wakafa wenyewe bila dawa. Jambo moja tu: usiufungue mara kwa mara, na usiuache panya autoboe.

Tena kuna adui asiyeonekana kabisa, naye ni ukungu. Nafaka au karanga zikiwekwa zikiwa na unyevu, huota ukungu, na ukungu mwingine hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na uchunguzi ukaonyesha kwamba chakula chao cha karanga kilikuwa na sumu hiyo. Mwaka 2004 katika nchi ya jirani zetu Kenya, sehemu za Makueni na Kitui na nyinginezo, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yaliyoharibika, na 125 wakafa. Mwaka 2016 hapa Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafa. Basi mtu asiseme, “Nitachambua tu nitupe mabaya, yanayobaki niyapike.” Sumukuvu haiondoki kwa kupika. Dawa yake ni kukausha vizuri juu ya turubai au mkeka, siyo juu ya udongo mtupu, na kuweka mahali pakavu.

Kuna njia ya nyumbani ya kupima ukavu. Tia punje chache katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu kidogo. Tikisa, kisha acha itulie. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi yana maji bado. Yarudishe juani.

7. Taifa nalo lina ghala

Katika miaka ya 1973 hadi 1975 ukame uliipata Tanzania. Serikali ililazimika kununua nafaka nyingi sana kutoka nje. Watu wazima wa siku zile wanakumbuka unga wa mahindi ya njano, ambao haukupendwa na wengi. Wakati huo ndipo ulipotangazwa wito wa Kilimo cha Kufa na Kupona: kila mtu, hata wa mjini, alihimizwa kulima chakula.

Mwaka 1975 redio nayo ikashika kazi. Madarasa ya elimu ya watu wazima yalikusanyika katika kampeni iliyoitwa Chakula ni Uhai. Watu zaidi ya milioni moja walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakasoma vitabu, wakajadiliana juu ya kulima, kuweka na kula vizuri. Kwa hiyo ninyi mlioketi leo kusikiliza somo kama hili mnafuata nyayo za watu wengi.

Baadaye taifa likajiwekea ghala lake lenyewe. Toka mwaka 2008 kazi hiyo iko mikononi mwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Lakini ghala la taifa haliwezi kumfikia kila mtu siku ile ile anapolala na njaa. Ghala la kwanza ni la nyumbani.

8. Chungu cha leo

Kabla ya kuagana, tupike pamoja. Chukua mahindi makavu vibaba viwili na maharage au kunde kavu kibaba kimoja. Yaloweke usiku kucha. Kama mahindi yako ni magumu, yatwange kidogo uondoe ganda. Asubuhi mwaga maji hayo, tia maji mapya, bandika jikoni. Chemsha mpaka maharage yawe laini kabisa, maana maharage yasiyoiva huumiza tumbo. Yakiiva, tia chumvi, na karanga zilizotwangwa, na konzi moja ya mboga iliyokaushwa na kuloweshwa. Ukiwa na dagaa wakavu, waoshe, uwatie nao. Acha yachemke pamoja kidogo. Hayo ndiyo makande. Watu sita watakula, na hakuna kilichotoka sokoni siku ile.

Sasa tazama ndani ya chungu hicho. Mahindi na maharage na karanga asili yake Amerika, kunde za Afrika, chumvi pengine ya Uvinza, dagaa wa ziwani waliopanda gari la moshi, mboga iliyokaushwa kwa njia ya bibi zetu. Historia yote tuliyosoma leo imo humo, nawe unaila kwa kijiko.

Wahenga walisema, akiba haiozi. Wangeweza kuongeza: huoza ikiwekwa mbichi, huua ikifupishwa, na hupotea mwenye nguvu akiichukua. Kwa hiyo ikaushe, itayarishe kwa siku zake, na ujue haki yako juu yake. Ajizi ni nyumba ya njaa. Anza na kibaba kimoja baada ya mavuno haya.

Maneno ya kujifunza: kilindo, kihenge, michembe, matobolwa, nsansa, kuvundika, udaga, dumuzi, sumukuvu. Andika kila neno mara tatu, kisha tunga sentensi moja kwa kila neno.

Maswali ya kujadiliana:

1. Kwa nini vilindo vya Ugogo vilikuwa vitupu mvua zilipokosekana wakati wa Mtunya?

2. Michembe na matobolwa vinatofautianaje?

3. Watu wa Tarime walipatwa na nini mwaka 1985, na tungefanya nini lisitokee tena?

4. Katika watu 150,000, watu 30,000 ni sehemu ya ngapi? Onyesha hesabu yako.

5. Nyumba yako ina watu wangapi, nao hula vibaba vingapi kwa siku? Piga hesabu ya vibaba vinavyotakiwa kwa siku 90. Kisha nenda ukatazame ghalani.

Jibu la swali la tano usimletee mwalimu. Mwonyeshe mwenzako nyumbani, mkae pamoja mshauriane. Kwaherini, ndugu wasikilizaji, mpaka somo lijalo.